Musubi ya Hawaii: Kwa Nini Wali Unamomonyoka?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimejaribu kutengeneza nyumbani kitafunio cha Hawaii kiitwacho musubi, yaani wali ulioshindiliwa, ukawekewa juu kipande cha nyama ya kopo iliyokaangwa, kisha vyote vikafungwa kwa ukanda wa mwani. Wali ulimomonyoka mkononi, mwani ulikuwa mgumu kutafuna, na chumvi ilizidi. Aidha, sisi hatuli nyama ya nguruwe. Je, ipo nyama nyingine ifaayo? Na inafaa kutengeneza usiku kwa ajili ya safari ya asubuhi?

JIBU: Ndugu msomaji, wengi wanaoshindwa na musubi huilaumu nyama, ilhali kosa huwa katika wali. Kitafunio hiki kilizaliwa kutokana na tonge la wali ambalo Wajapani waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Hawaii walikuwa wakilibeba kama chakula cha mchana. Nyama ya kopo ya Spam, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937, ilienea visiwani humo baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kupitia majeshi. Kwa hiyo wali ndio msingi, na nyama ni mgeni aliyekaribishwa juu yake.

Mchele wa punje ndefu, ule unaotoa wali wa kuchambuka, haufai hapa hata ukiupika kwa ustadi wa namna gani, kwa sababu wanga wake haunati vya kutosha. Tafuta mchele wa punje za wastani au fupi. Hawaii hupendwa aina iitwayo Calrose, inayolimwa California. Vikombe 2 vya mchele mkavu vinatosha musubi 8. Uoshe mpaka maji yakaribie kuwa maangavu, uloweke kwa nusu saa, uchuje, kisha uupike kwa vikombe 2 na nusu vya maji. Maji yakichemka, punguza moto, funika, na usifunue kwa dakika 15. Ukishaepua, uache ndani ya sufuria iliyofunikwa kwa dakika 10 nyingine, ili mvuke ulainishe punje za juu sawa na za chini. Usiutie siki kama wali wa sushi, wala chumvi, kwa kuwa nyama na sosi vinayo ya kutosha.

Shindilia wali ungali na joto, kwani ukipoa haushikamani tena. Kopo tupu la nyama hiyohiyo linaweza kuwa kalibu nzuri, ila kingo zake hukata, hivyo lifunike ndani kwa plastiki nyembamba ya kufungia chakula, ukiacha ncha ndefu za kuvutia wali nje. Weka wali wa unene wa sentimita 3 hivi na uukandamize kwa nguvu. Naamini hapa ndipo ulipokosea, kwani mpishi mwenye huruma na wali hupata musubi inayobomoka.

Nyama haina mambo mengi. Kopo la gramu 340 hutoa vipande 8, ambavyo hukaangwa bila mafuta, kila upande ukageuka rangi ya dhahabu. Kisha ongeza vijiko 2 vya sosi ya soya na vijiko 2 vya sukari, na uvigeuze vipande mpaka sosi iwe nzito; usiondoke jikoni, kwa maana sukari huungua ghafla. Ili kupunguza chumvi, tumia nyama na sosi zilizopunguzwa chumvi. Badala ya nguruwe, nyama ya kopo ya kuku au ya bata mzinga inafaa sana, mradi usome maandishi ya kopo. Ile ya ng'ombe iliyosagwa hupukutika. Iweke kwanza kwenye jokofu, nayo itakatika vizuri zaidi.

Mwani, unaoitwa nori, huwa mgumu ukipigwa na unyevu kwenye pakiti iliyoachwa wazi. Uhifadhi katika chombo kisichoingiza hewa, ufunge musubi ingali vuguvugu, kisha uizungushie plastiki kwa dakika chache ili mwani ulainike na kushikamana na wali.

Kuhusu safari, nakusihi usiiache musubi mezani usiku kucha. Katika wali uliopikwa kuna mbegu za bakteria zinazostahimili moto, na sumu yake haiondolewi kwa kupasha. Saa 2 nje ya jokofu ndiyo mwisho, na kwenye joto kali ni saa 1. Kwenye jokofu wali hukauka na kuwa mgumu, kwa hiyo ni bora kuupika alfajiri na kula mapema. Kama ni lazima utengeneze usiku, iweke kwenye jokofu mara tu inapopoa, ibebe katika kisanduku chenye barafu, na uipashe kwenye maikrowevu, ikiwa imefunikwa kwa karatasi ya jikoni yenye unyevu, wakati wa kula ukifika.