Mzee anayesahau msimpe mtihani, mpeni kazi

Jamani hii tabia ya kumkalisha mzee mbele ya watu na kumuuliza "bibi huyu nani? hebu mtaje jina" tuiache. Wajukuu wameshuka na treni ya SGR kutoka Dar, hata maji hawajanywa, mtihani umeanza, mzee wa watu anacheka cheka kwa aibu, akibanwa zaidi anakasirika, alafu mnasema siku hizi bibi kawa mkali.

Mi namuuguza bibi mzaa mama huku Chamwino. Muulize asubuhi hii kanywa nini, hajui, na kikombe cha uji bado kakishika. Ila mpe ungo wa uwele uone, anarusha, anapokea, anauinamisha kidogo pumba zinaondoka na upepo, mchanga anausogeza pembeni kwa kidole, mi mwenyewe nikijaribu nusu inamwagika chini. Na ukimsalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, anaitika hapo hapo.

Majirani wanasema anajifanyisha, mbona hili anakumbuka lile hakumbuki? Hajifanyishi. Kuna Mmarekani alikuwa anaitwa Henry Molaison, mwaka 1953 akiwa na miaka 27 alipasuliwa ubongo kutibu kifafa, wakamtoa sehemu kubwa ya hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayosaidia kuweka kumbukumbu mpya, pande zote mbili. Degedege zikapungua kweli, ila kuanzia hapo jambo jipya likawa halikai, mtu akitoka chumbani akirudi ni mgeni. Mtafiti Brenda Milner kila akija ilibidi ajitambulishe upya. Sasa huyo mama akampa kazi ya kuchora nyota huku anauangalia mkono wake kwenye kioo tu, ni ngumu balaa jaribuni wenyewe, na siku ya tatu jamaa anachora vizuri kabisa huku anasema hajawahi kuifanya hiyo kazi! Ndo watu wakajua kumbukumbu sio stoo moja, ya matukio ina sehemu yake na ya mikono ina yake. (Hadi anafariki 2008 vitabuni walimuita H.M. tu, kumlinda.)

Bibi hajapasuliwa, ugonjwa wake ni mwingine, na ukizidi hata mikono inaanza kusahau, siwadanganyi. Ila kwa sasa ungo unampa amani kuliko maswali yetu yote. Kama wako alikuwa anapiga muheme mpe ngoma, kama alikuwa fundi cherehani mpe kitambaa na uzi. Na ukiingia jitaje mwenyewe, shikamoo bibi, ni mimi fulani mtoto wa fulani, basi, msimsumbue.

Lingine, na hili ndo linaniuma zaidi, msikimbilie kusema ni uzee au karogwa mkaanza kuuza mbuzi mpeleke kwa mganga. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kutofanya kazi vizuri, sonona, hata dawa za usingizi, vyote vinasahaulisha na vingi vinatibika. Mzee aliyekuwa sawa jana leo anaongea vitu havieleweki, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa maambukizi ya mkojo au alianguka akagonga kichwa na hakuna aliyemuona. Dawa zake zote wekeni kwenye mfuko mwende nazo, mpaka zile za kununua duka la dawa na za kienyeji, daktari azione, msimfiche.