Nyumba ya mbao, ya fremu au ya nini?

Swali: Natafsiri maelezo ya wageni kuhusu Little Moreton Hall, ile nyumba ya kale ya Cheshire, Uingereza. Nimeandika "nyumba ya mbao", mwenzangu anataka "nyumba ya fremu ya mbao". Pia nimeandika kuta zimeinama kwa uzito wa ghorofa ya juu. Tuko sawa?

Jibu: Ndugu yangu, mmekosea wote wawili, ila si sana. Nyumba ya mbao ni ile mbao zimepigiliwa misumari toka chini mpaka juu, yaani ukuta wenyewe ndo mbao, wakati hiyo ya Cheshire, iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500, mti ni mifupa tu, nguzo na boriti za mwaloni (ule wa mialoni ya Mamre kwenye Biblia) ncha ya mti mmoja imechongwa kama ulimi, ikaingizwa kwenye tundu la mwingine na kukazwa kwa kigingi cha mti. Na hiyo fremu jamani, mtu wa Dar, ambaye fremu kwake ni chumba cha duka cha kupanga, akisoma "nyumba ya fremu" atakuuliza kodi shilingi ngapi kwa mwezi na kama ya kona bado ipo.

Neno tunalo: kiunzi. Wengi mnalijua kwenye mbio za kuruka viunzi tu, lakini fundi wa majahazi anaita kiunzi ile mifupa ya chombo kabla hajapigilia mbao. Andika "nyumba ya kiunzi cha mti", mi ningeishia hapo.

Ukutani sasa. Nyumba za aina hii kule walikuwa wanasuka fito katikati ya nguzo, wanakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na kinyesi cha ng'ombe, kisha chokaa juu. Kukandika, usiniletee "kupiga plasta"! Na aliyejenga ni seremala, sio mwashi, hata kwenye madirisha ya uani kuna maandishi ya seremala Richard Dale, mwaka 1559.

Kuhusu kuta, hazikubeba kitu, kiunzi ndo kimebeba. Juu kabisa kuna ukumbi mrefu wenye paa la mawe mazito, uzito wake umekisukuma mpaka boriti zimebonyea huku na kutokeza kule, ukiiangalia utadhani imelewa. Kuinama ni kuelekea upande mmoja, kama mnazi kwenye upepo. Hii imepinda.