Upinde wa mnadani: anza na mishale

Ndugu, umeuliza kama upinde ulionunua mnadani Voi ni wa Wakamba au wa Waata, wale wawindaji wa nyika ya Tsavo. Kwanza tazama ile mishale mitatu ya kwenye podo. Ukiona ngozi nyembamba imeviringishwa nyuma ya chembe (kichwa cha mshale), usiifungue. Ndani huwa kuna sumu ya mti wa msunguti, nyeusi kama lami. Inasimamisha moyo, na ikikaa pakavu hudumu miaka. Watoto wasisogee.

Pinde za Waata za kuwindia tembo zilikuwa ngumu ajabu, kuzivuta ni kama kilo 45 na zaidi. Lakini usijaribu! Wangu ulinivunjikia mkononi, mti ulishakauka. Pima urefu na unene wa katikati, piga picha ncha zake na upote (kamba yake), uwaonyeshe Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Vanishi usipake kabisa.