Riwaya ya mpelelezi na majini: namna ya kuigeuza katuni

Mwandishi wa riwaya ya upelelezi anaficha kwa kunyamaza. Kisu kiko mezani, yeye hakukitaja, basi msomaji hakukiona. Mchoraji hana nafasi hiyo. Akichora meza, kisu ama kipo ama hakipo, na kikizuka ukurasa wa 90 wakati ukurasa wa 12 meza ilikuwa tupu, msomaji atafungua nyuma, ataangalia, na atasema kafanyiwa ujanja. Sasa tia majini humo humo, mjini Unguja, mpelelezi anaishi Michenzani na kesi zake ziko Mji Mkongwe. Mashaka yanazidi, kwa sababu kuna vitu ambavyo mtu mmoja ndani ya hadithi anaviona na mwenzake aliyesimama ubavuni havioni, na msomaji ana picha ile ile moja.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria mtindo wa kuchora, andika jibu la swali hili: nani anaona nini, na kuanzia ukurasa gani. Karibu kila kinachoharibika baadaye kinatokana na swali hilo kuachwa bila jibu.

Haki kwanza, tulimalize hilo. Riwaya kuwa ya zamani hakuifanyi kuwa ya kila mtu. Muhammed Said Abdulla, aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa, alifariki 1991. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, unaotaka kazi ya mwandishi ilindwe angalau miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo mwenye kutaka kuchora kesi za Bwana Msa ana warithi na wachapishaji wa kuwauliza angalau hadi 2041 ipite. Kwa mwandishi aliye hai, mkataba utaje haki ya katuni peke yake, mbali na filamu na tafsiri. Useme haki inarudi kwa mwandishi kama kitabu hakikutoka ndani ya muda fulani, tuseme miaka mitatu. Na useme sura ya mpelelezi iliyobuniwa na mchoraji ni mali ya nani. Hicho cha mwisho husahauliwa, halafu kitabu cha pili kinachorwa na mtu mwengine na ugomvi unaanza. Kwa Zanzibar, ofisi ya kuendea ni COSOZA, ile ya hakimiliki.

Jambo la pili ni kuchagua kitabu. Mfululizo ukiwa na vitabu vitano, watu hukimbilia cha kwanza, na mara nyingi cha kwanza ndicho kigumu kuliko vyote, maana nusu yake ni maelezo: mpelelezi katoka wapi, aliuona vipi ulimwengu wa pili, nani kamfundisha. Maelezo hayachoreki vizuri. Wenzetu wa nje walilikwepa hilo kwa njia mbili. Katuni za Rivers of London, riwaya za Ben Aaronovitch za polisi na uchawi, zilizoanza 2015, zilichukua kesi mpya kabisa ambazo hazimo kwenye riwaya. Za Dresden Files, riwaya za Jim Butcher za mpelelezi mchawi, zilianza 2008 na kisa kinachotangulia riwaya ya kwanza, ndipo wakaingia kwenye riwaya zenyewe. Kama mwandishi yuko tayari kukuandikia kesi mpya fupi, ichukue. Kama hayuko tayari, tafuta kitabu chenye washukiwa wachache na sehemu nyingi za kutembea.

Sasa hesabu. Riwaya ya maneno 60,000 ukiifanya katuni ya kurasa 128, kwa wastani wa fremu tano, yaani picha tano, kila ukurasa, una fremu 640. Ukurasa hubeba maneno 90 hivi kabla picha haijaanza kusongwa. Jumla ni kama maneno 11,500, yaani chini ya moja ya tano ya riwaya. Sehemu kubwa ya kinachokatwa ni sauti ya msimulizi, na hapo ndipo waandishi huumia, kwa sababu riwaya za namna hii hupendwa kwa ile sauti ya mpelelezi anayejisemea mwenyewe kwa kejeli. Mwachie visanduku viwili vya maelezo kwa ukurasa, maneno yasiyozidi 15 kila kimoja, na kimoja kati ya hivyo kiseme kitu ambacho picha haikisemi. Kisanduku kikisema "Niliingia chumbani" na picha inamuonyesha anaingia chumbani, kifute.

Dalili za kesi zifanyie jedwali: dalili yenyewe, ukurasa inapoonekana mara ya kwanza, ukurasa inaporudi, ukurasa inapoelezwa. Mara ya kwanza ichorwe ndani ya fremu pana, pamoja na vitu viwili vitatu visivyo na maana, na isiwe katikati. Mara ya pili isogee kidogo. Kuikaribia kabisa, ikajaa fremu, ngojea mpaka mpelelezi aieleze. Wachoraji wageni wa kazi hii hufanya kinyume: mchoraji anaijua siri, mkono wake unaipenda ile dalili, anaichora kwa wino mzito kuliko vyengine vyote, na msomaji anamaliza upelelezi ukurasa wa 20. Dawa yake ni kumpa mtu asiyejua hadithi kurasa 30 za penseli, bila maneno, na kumuuliza ameona nini. Akiitaja dalili kabla ya kuulizwa, punguza wino.

Tazama mfano mdogo, wa kubuni. Riwaya inasema: "Mpelelezi aliinama kizingitini. Chokaa iliyodondoka ukutani tangu alasiri ilikuwa imetulia, haina alama ya mguu, na bado bibi anaapa kwamba mtu kapita hapo baada ya magharibi." Skripti ya ukurasa inakuwa hivi:

Fremu ya 1, upana mzima. Kichochoro, baraza mbili, mlango wazi. Bibi yuko ndani, mpelelezi nje. Chini kizingitini kuna unga wa chokaa, mdogo tu. Bibi: "Kapita hapa hapa, mwanangu. Kabisha hodi mara tatu."

Fremu ya 2. Uso wa bibi. Mpelelezi (haonekani): "Saa ngapi, bibi?" Bibi: "Magharibi ishaadhiniwa."

Fremu ya 3. Kizingiti, ncha ya kiatu cha mpelelezi. Chokaa imetandaa, nyeupe, nzima. Hakuna maneno.

Fremu ya 4. Mpelelezi keshaingia. Nyuma yake, kwenye chokaa, unyayo wake mmoja umekaa wazi. Bibi, mgongo kwetu: "Nikutilie chai?"

Hakuna aliyesema kwamba mgeni wa magharibi hakuacha alama. Kiatu cha mpelelezi mwenyewe kimesema. Utashawishika kumpa mpelelezi kiputo cha maneno cha "Ajabu! Hapana nyayo!" Mnyime.

Majini nayo yanataka kanuni, na kanuni ziwe chache. Iliyo salama zaidi kwa hadithi ya upelelezi ni kwamba msomaji anaona kile tu anachoona mpelelezi. Alama zisizidi mbili. Kwa mfano, watu wana mstari wa wino unaowazunguka, jini halina mstari, limepakwa kijivu tu kwa brashi. Na kiputo cha jini hakina mkia mpaka lijidhihirishe. Ukiongeza fremu za mawimbi, herufi za ajabu, macho mekundu na moshi, msomaji hajui tena kipi ni kanuni na kipi ni pambo, na dalili zako za kiulimwengu wa pili zinapotea humo.

Kanuni hiyo ina mwanya mmoja wenye faida kubwa: ushahidi wa watu. Chukua Popobawa, dubwana la usiku linaloogopwa visiwani. Hofu ya 1995 ilianzia Pemba ikavuka Unguja, watu wakalala nje kwa makundi na kuwasha moto, na waliosimulia hawakukubaliana juu ya umbo lake. Mchoraji anayelichora dubwana moja lenye mbawa, sawasawa kila ukurasa, ametupa kitu cha thamani. Mchoree kila shahidi Popobawa wake, kwa mkono tofauti: wa mtoto ni mchoro wa penseli, wa mvuvi ni kivuli kilichoning'inia juu ya paa la makuti, wa sheha ni kama fomu ya serikali, mistari iliyonyooka. Mpelelezi akiwakalisha mashahidi watatu, msomaji anaweza kulinganisha picha na kuona mwenyewe nani kasimulia alichokiona na nani kasimulia alichohadithiwa. Yale yanayosemekana kutendwa na Popobawa, yabakie nje ya fremu. Kitabu kitaingia majumbani, na wapo waliokumbwa na hofu ile ambao wangali hai.

Tahadhari nyengine ya hapa kwetu ni maandishi ya Kiarabu. Milango mingi ya Mji Mkongwe ina aya juu ya kizingiti. Mchoraji asiyesoma Kiarabu akiiga kwa macho, ataandika aya yenye makosa, na hata akiipatia, ukurasa uliochapwa aya huishia kufungiwa karanga. Chora mlango wenye minyororo, samaki na maua tu, iko mingi. Hirizi nayo ichorwe imefungwa.

Mji wenyewe uchore kutoka mitaani, usiutoe kwenye postikadi. Kichochoro cha Kiponda hakina mbingu kubwa: kina ukanda mwembamba juu, nyaya, mabati yenye kutu, na kivuli karibu siku nzima, kwa hiyo fremu ndefu za wima zinakaa vizuri zaidi. Michenzani ni kinyume chake, majumba marefu ya mlalo na barabara pana. Huko tumia fremu za mlalo, na msomaji atajua kahamia upande gani kabla hajasoma neno. Weka mwaka wa kesi mwanzoni. Beit al-Ajaib iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, basi kesi ya 2022 haiwezi kuwa na jumba zima nyuma ya Forodhani. Namba za gari zianze na Z. Na saa ya ukutani: mtu akisema "saa mbili usiku," mshale mfupi uwe kwenye 8 na simu ionyeshe 20:00. Mchoraji akiuweka kwenye 2, ushahidi wa kutokuwepo kwa mshukiwa umeharibika.

Maneno yenyewe, sasa, na hapa fonti ndiyo mchawi. Fonti nyingi za katuni zimetengenezwa kwa Kiingereza na herufi I humo ina sura mbili: ukibonyeza kubwa inatoka na vijiti juu na chini, ukibonyeza ndogo inatoka fimbo tupu. Ile ya vijiti wao wameihifadhi kwa neno lao la "mimi". Sisi hatuna kazi nayo, lakini ukiandika kwa kawaida, kila "Ilikuwa" na "Ipo wapi" itaanza na vijiti, na ukurasa unaonekana una madoa. Andika yote kwa herufi ndogo za kibodi. Kisha jaribu alama ya king'ong'o ('): Ng'ambo, ng'o, n'nakuja. Fonti za bure nyingine hazina alama hiyo, zinaweka kisanduku kitupu.

Vipimo vya viputo vya Kiingereza pia havitufai. Maneno yetu ni marefu. "Hatukumtambua" linajaza mstari peke yake. Chora viputo vipana kuliko virefu, maneno 20 yawe mwisho. Ukilazimika kukata neno, kata penye silabi: wamekwe-nda, si wamekwen-da. Milio usiikopi. Kinachotumbukia kwenye maji ni chubwi, kinachoanguka mchangani ni tifu, kizito kikianguka sakafuni ni pu, na mlango ni ngo ngo ngo. Ichorwe kama sehemu ya picha, na mchoraji yule yule.

Kurasa za kushtua ziwe za shufwa. Kitabu kikiwa wazi, shufwa iko kushoto, na hiyo ndiyo anayoikuta msomaji baada ya kufunua. Jini likijidhihirisha ukurasa wa witiri, jicho limeshaliona kabla ya kusoma ukurasa wa kushoto. Kinachovuruga mpango huu ni ukurasa mmoja wa shukurani unaoongezwa dakika ya mwisho: kila kitu kinasogea. Ongeza kurasa mbili au usiongeze.

Kwa uchapaji: kitabu cha A5, chora kwenye A4, faili ya nyeusi na nyeupe iwe nukta 600 kwa inchi (kama pikseli 4960 kwa 7016), na picha inayofika ukingoni ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3. Kurasa ziwe mafungu ya 16, 128 inakubali. Herufi ziwe za wino mweusi mmoja, maana nyeusi iliyochanganywa rangi nne ikicheza kidogo mashineni huzungukwa na ukungu wa rangi. Herufi nyeupe juu ya nyeusi, kama za jini, zisipungue pointi 9 na ziwe nene, kwani wino huzifunga. Karatasi ya gramu 70 huonyesha nyeusi ya upande wa pili. Kwa hadithi ya usiku mwingi chukua 100.

Kabla ya kutuma faili, chapa kurasa nane kwa printa ya kawaida ya ofisini, kwa ukubwa halisi wa A5, na uzisome kwenye taa ya chumbani. Kwenye skrini kila dalili inaonekana, kwa sababu umevuta picha. Kwenye A5 ile chokaa ya kizingitini inaweza kugeuka nukta tatu, na hapo inabidi irudi kwa mchoraji.