Natumia Android: nichukue vipokea sauti vipi vya kuzima kelele?

SWALI: Mtaalamu, natumia simu ya Samsung. Nasafiri sana kwa basi na ndege, na nikirudi ofisini nakuta wenzangu wanaongea kutwa nzima. Nataka vipokea sauti vya masikioni visivyo na waya, vya kuzima kelele. Nimebakiza vitatu: AirPods Pro 2, Sony WF-1000XM5 na Bose QuietComfort Ultra. Kila ninayemuuliza anasifia alivyonavyo yeye. Nichukue vipi?

JIBU: Futa AirPods kwanza. Si vibaya hata kidogo. Mwenye iPhone ningemwambia avichukue na asihangaike zaidi. Kwenye Samsung yako vitaunganika kwa Bluetooth na kelele vitazima, ila Apple haina programu ya kuvisimamia kwenye Android. Hutaweza kupima kama vimekaa sawasawa sikioni, na kuvisasisha itakubidi uazime kifaa cha Apple. Utakuwa umelipia vitu ambavyo huvitumii.

Sasa hizo kelele. Maikrofoni ndogo husikiliza sauti ya nje, kisha kifaa hutoa wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili yakikutana hufutana. Ujanja huo unaweza sana mngurumo mzito usiobadilika, kama wa injini ya ndege au basi. Sauti za watu zinapanda na kushuka kila mara, kwa hiyo hapo kazi kubwa hufanywa na ule mpira unaoziba tundu la sikio. Wenzako wa ofisini watapungua, hawataisha. Weka muziki kidogo juu yake, usiwasubiri wanyamaze.

Ndiyo maana mimi huangalia mpira kabla ya jina la kampuni. Sony huja na mipira ya sponji ya saizi nne. Inaziba vizuri, lakini huchakaa na itabidi ununue mingine. Bose hutumia silikoni, ambayo unaifuta tu, pamoja na vikanda vya kushikilia kifaa kisidondoke. Jaribu kila saizi, tena kila sikio peke yake: mimi mwenyewe nilivaa saizi moja pande zote mbili kwa miezi, nikilaumu kifaa, kumbe sikio la kulia linataka ndogo zaidi. Dalili ya mpira kuvuja ni besi kuwa nyepesi na mngurumo kurudi ukitafuna au ukigeuza shingo.

Kuhusu ubora wa muziki, watu hupenda kubishana juu ya kodeki, yaani njia ya kubana sauti ili isafiri kwa Bluetooth. Sony wana LDAC, inayofika kilobiti 990 kwa sekunde, na Android imekuwa nayo tangu toleo la 8 la mwaka 2017. Bose wanategemea kodeki ya aptX Adaptive ya Qualcomm, kampuni ya chipu za simu. Simu isiyo nayo hurudi kwenye kodeki za kawaida, AAC au SBC. Hapo Sony inakufaa zaidi, ingawa ndani ya basi sidhani utaisikia tofauti, na LDAC hula chaji.

Kwa safari ndefu, betri ndiyo ningeitilia maanani. Kelele zikiwa zimezimwa, Sony hudumu hadi saa 8, Bose hadi saa 6. Sony pia inaunganika na simu na kompyuta kwa wakati mmoja, jambo utakalolishukuru ofisini.

Basi, chukua Sony. Ningekuelekeza kwa Bose kama ungekuwa mtu wa ndege tu, kwa sababu kwenye mngurumo wa injini ndivyo ninavyovikubali zaidi, au kama sponji ya Sony itakuwasha. Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama atavipokea ukivirudisha baada ya kuvivaa. Wengine hukataa kitu kilichokwisha kuingia sikioni, na huwezi kujua kama vinakukaa mpaka uvivae saa nzima.