Wadogo zangu, mzee wa ajabu si fundi wa kukodi

Nimemaliza kusoma miswada yenu ya fantasia. Kila mmoja una mzee wa ndevu nyeupe na fimbo, anatokea ukurasa wa pili, anamgusa kijana kichwani, pap! Kijana keshakuwa msanii. Sasa kurasa zilizobaki mnaandika za nini?

1. Mzee aamshe kilichokuwemo. Kama binti hajawahi hata kuchora kwenye mchanga wa ufukwe wa Katonga, Kigoma, fimbo itaamsha nini?

2. Uchawi uwe na masharti. Hilo kila mganga analijua.

3. Jueni mnapoandikia. Hapa nina kidonda. Hadithi yangu ya mwanzo ilikuwa na bibi anayetoka Ziwa Tanganyika usiku wa mwezi mpevu, anapanda mtumbwi wa kijana mvuvi wa dagaa aliyeacha kuimba, anamzimia karabai zote, na nyimbo zinamrudia. Niliipenda mno. Nikaenda kuwasomea wavuvi wa Kibirizi, pale pale Kigoma, nimechomekea kabisa. Nilipofika kwenye mbalamwezi, mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu akauliza bila kuinua macho, "Huyo kijana anavua nini?"

"Dagaa, mzee wangu."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha sindano. Dagaa hufuata taa gizani. Mwezi ukiwaka, ziwa zima lina mwanga, karabai yako haivuti kitu. Ndiyo maana siku ile walikuwa nchi kavu, wanashona! Na mimi mzaliwa wa Mwanga, mtaa wa Kigoma hiyo hiyo. Bibi anayeishi majini walimkubali bila swali, ule mwezi ndio uliowashinda.

Nikahamishia hadithi kwenye giza. Kumbe bibi akizima karabai gizani, dagaa wanatawanyika na kijana anakosa mapato ya usiku kucha. Achague: taa au wimbo. Masharti ya namba mbili nikayapata bure, kwa wazee ambao hawajawahi kusikia neno fantasia.

4. Mwondoeni mzee kabla ya kilele, la sivyo kijana atamgeukia kila akikwama.

5. Ndevu sasa basi. Shangazi anayebanika samaki aina ya migebuka sokoni naye anaweza kuwa na nguvu za ajabu, tena yeye hatawapa hotuba ya kurasa tano kuhusu kipaji. Atawauliza mnanunua au mnashangaa.

Mkisharekebisha, nileteeni. Na wekeni namba za kurasa, jamani, juzi upepo umenichanganyia mswada wa mtu nikausoma kuanzia mwisho.