BrahMos ya angani: kombora mnalo, ndege ya kulibeba iko wapi?

Mkuu, umeuliza kwa nini Ufilipino walichukua BrahMos (kombora la India na Urusi) ya kurushwa kutoka nchi kavu wakati ile ya kwenye ndege ipo, au Wahindi wanabana? Mimi si mwanajeshi, ni fundi trekta hapa Kongwa, ila jibu lake nimelishika kwa mikono.

Mzee mmoja aliniletea jembe la diski nne, mtumba, kalipata kwa bei ya kutupa. Trekta lake la farasi 50. Matundu hayakulingana, nikachonga pini upya, tukafunga. Akavuta haidroliki. Jembe likagoma chini, magurudumu ya mbele ndiyo yakanyanyuka, mzee kakumbatia usukani kama mtoto. Jembe zima, trekta zima, kazi hakuna.

Sasa BrahMos ya angani ina kama tani 2.5. Su-30MKI yenyewe, ndege ya kivita ya India, na ukubwa wote ule, inabeba moja tu, chini ya tumbo, na hata hiyo ilibidi waimarishe bodi ya ndege, waweke kirushio chake, wachezee na nyaya na programu. Ilifyatuliwa mara ya kwanza Novemba 2017, juu ya Ghuba ya Bengal. Mfilipino ana FA-50 za Korea Kusini, ndege nyepesi. Aitundike wapi? Ndiyo maana mkataba wake wa Januari 2022, kama dola milioni 375, ni wa mitambo ya pwani.

Utasema basi wauziwe na Su-30. Ndege hiyo asili yake Urusi, HAL, kiwanda cha ndege cha India, wanaiunda kwa leseni. Na kombora lenyewe ni la ubia: jina ni mito miwili, Brahmaputra na Moskva. Hapo huuzi bila kubisha hodi kwa mwenzio.

Kuna waliowahi kuazima. Mwaka 1983 Iraki ilitaka kurusha Exocet, kombora la kupiga meli, kutoka angani; ndege zake za Mirage za kazi hiyo hazijawa tayari, Ufaransa ikawakopesha ndege tano za Super Étendard. Zilizobaki zikarudi 1985. Lakini pale kombora na ndege vyote vilikuwa vya Mfaransa.

Mzee naye msimu ule alikodi trekta kubwa toka Kibaigwa, malipo kwa ekari. Mwenye trekta akaja na jembe lake.